Jiwe la Ivuna na nasaba ya asteroidi zinazoikaribia Dunia

DESEMBA 16, 1938, jiwe jeusi lilianguka kutoka angani katika eneo la Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, katika Tanganyika iliyokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705 kwa jumla, pungufu ya kilo moja ya sukari.

Kwa uzito huo, jiwe hilo lingeweza kusahaulika upesi. Badala yake, jina la Ivuna limeingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Wataalamu wa vimondo wamelitumia kulitaja kundi zima la mawe ya angani, kundi la CI, ambamo herufi C inasimama kwa mawe yenye kaboni na herufi I inasimama kwa Ivuna.

Takriban miaka 82 baadaye, Desemba 6, 2020, chombo cha anga cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kilidondosha katika jangwa la Australia kasha dogo lililokuwa na gramu 5.4 za vumbi na changarawe. Mzigo huo ulikuwa umechukuliwa kutoka Ryugu, asteroidi yenye upana wa takriban mita 900 ambayo njia yake hupita karibu na Dunia.

Maabara zilipoupima mzigo huo, jibu lilikuwa kwamba Ryugu ni ya kundi lilelile la Ivuna. Jiwe lililookotwa Rukwa na mlima unaoelea angani mamilioni ya kilomita kutoka hapa vilitokana na aina moja ya mwamba, uliozaliwa katika mazingira ya aina moja zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita.

Uhusiano wa namna hiyo ndio unaotafutwa na wanasayansi wanaochunguza asteroidi zinazoikaribia Dunia. Wanataka kujua kila moja imeumbwa kwa kitu gani, ina uzito gani, ni mwamba mzima au lundo la kifusi, na imetoka katika ukoo upi. Majibu hayo yanahitajika katika elimu ya asili ya sayari, na yanahitajika pia kwa usalama wa watu.

Asteroidi na kimondo

Katika mazungumzo ya kawaida, neno kimondo hutumika kwa vitu viwili tofauti: mwali wa moto unaopita angani usiku, na jiwe lenyewe linalookotwa baada ya kuanguka. Asteroidi ni jiwe au mwamba ambao bado unalizunguka Jua kama sayari zinavyolizunguka. Likiingia katika angahewa ya Dunia na kusalia kipande, kipande hicho huitwa kimondo.

Asteroidi nyingi zimo katika ukanda mpana ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Zile zinazohesabiwa kuwa za karibu na Dunia ni zile ambazo njia yake, katika sehemu iliyo karibu zaidi na Jua, hufika ndani ya kilomita milioni 195 kutoka Jua. Dunia yenyewe iko umbali wa takriban kilomita milioni 150.

Ya kwanza kugunduliwa ilikuwa Eros, iliyoonekana Berlin, Ujerumani, Agosti 13, 1898. Kufikia mwaka 2025 idadi ya zilizoorodheshwa ilikuwa takriban 40,000, nyingi zikiwa zimeonekana katika robo ya kwanza ya karne hii kutokana na darubini zinazopekua anga kila usiku.

Wageni wasiodumu

Jambo moja liliwasumbua wanafalaki kwa muda mrefu. Hesabu zinaonyesha kwamba asteroidi ya karibu na Dunia haidumu katika njia hiyo zaidi ya miaka milioni kadhaa. Nyingi huishia kuangukia Jua, nyingine hugonga sayari, na nyingine hutupwa nje kabisa ya mfumo wa sayari.

Mfumo wa sayari una umri wa zaidi ya miaka bilioni 4.5. Kama hali ndiyo hiyo, eneo la karibu na Dunia lingepaswa kuwa tupu zamani sana. Kwa kuwa si tupu, lazima kuwe na mahali panapoleta nyingine mpya kila mara.

Mahali hapo ni ukanda ule wa kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwaka 1918 mwanafalaki wa Japani, Kiyotsugu Hirayama, alitambua kwamba baadhi ya asteroidi za ukanda huo zina njia zinazofanana mno kiasi kwamba hazingeweza kukutana kwa bahati tu. Aliziita familia, na akaeleza kuwa kila familia ni vipande vya mwamba mmoja mkubwa uliovunjika. Majina ya familia alizozitaja mwanzoni, Koronis, Eos na Themis, yanatumika mpaka leo.

Kuvunjika peke yake hakutoshi kukileta kipande hadi karibu na Dunia. Kinachokisogeza ni joto. Upande wa asteroidi unaopigwa na Jua hupata joto, kisha huendelea kulitoa unapogeukia giza, kama ukuta wa matofali unavyoendelea kuwa na joto baada ya Jua kuzama. Joto linalotoka husukuma mwamba kidogo sana upande wa pili.

Msukumo huo huitwa kwa jina la Ivan Yarkovsky, mhandisi aliyeuwaza mnamo mwaka 1900. Ni mdogo kiasi cha kuchekesha, lakini haukomi. Kwa asteroidi Bennu, iliyopimwa kwa uangalifu kuliko karibu nyingine zote, msukumo huo hubadilisha upana wa njia yake kwa takriban mita 284 kila mwaka. Baada ya miaka milioni kumi hesabu hiyo inakuwa kubwa.

Kipande kinachosogea hivyo hatimaye hufika mahali ambapo nguvu ya uvutano ya Mshtarii au Zohali hukitikisa. Mahali pamoja panapojulikana sana ni pale ambapo asteroidi hulizunguka Jua mara tatu kila Mshtarii inapolizunguka mara moja. Hapo Mshtarii hukisukuma kipande kwa mpangilio uleule kila mara, kama mtoto anavyosukumwa kwenye bembea, mpaka njia yake inanyooka na kufika hadi kwa Mirihi, Dunia na Zuhura.

Kwa hiyo asteroidi inayopita karibu na Dunia huwa imeachana na ndugu zake muda mrefu uliopita. Njia yake imevurugika mno kuweza kufuatiliwa kinyumenyume hadi nyumbani. Kilichobaki cha kuitambulisha ni umbo lake, rangi yake na mwamba wake.

Kupima kisichoshikika

Mtu akitazama kwa darubini, asteroidi ni nukta tu ya mwanga. Nukta yenye mwanga hafifu inaweza kuwa jiwe dogo jeupe au jiwe kubwa jeusi. Bennu, kwa mfano, hurudisha takriban asilimia nne tu ya mwanga wa Jua unaoipiga, wakati zipo asteroidi zinazorudisha asilimia 40 na zaidi.

Ugumu huo ulijitokeza wazi mwanzoni mwa mwaka 2025. Asteroidi iliyopewa alama ya 2024 YR4, iliyogunduliwa Desemba 27, 2024 kwa darubini iliyoko Chile, ilionekana kuwa na uwezekano wa kuigonga Dunia mwaka 2032. Mwezi Februari uwezekano huo ulifika asilimia 3.1, na mstari wa maeneo ambayo ingeweza kuangukia ulipita juu ya Afrika.

Ukubwa wake wakati huo ulitajwa kuwa kati ya mita 40 na 90. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa kasi ileile na mwamba uleule, jiwe la mita 90 lina nguvu zaidi ya mara kumi ya lile la mita 40. Darubini ya anga ya James Webb, inayopima joto badala ya mwanga wa Jua unaorudishwa, ndiyo iliyokata shauri kuwa ni takriban mita 60. Kabla ya Februari kwisha, vipimo vipya vya njia yake vilikuwa vimeondoa hofu ya kuigonga Dunia.

Mbali na joto, wataalamu huuchambua mwanga wenyewe kwa kuugawa katika rangi zake, kwa sababu kila madini humeza rangi fulani. Hutumia pia rada, ambayo huonyesha umbo na mzunguko wa mwamba unaopita karibu. Mnara wa rada wa Arecibo, Puerto Rico, uliofanya kazi hiyo kwa miongo mingi, uliporomoka Desemba 2020, na pengo lake bado linaonekana.

Hata kuhesabu muda ambao mwamba hutumia kujizungusha hutoa habari. Karibu asteroidi zote zinazozidi upana wa mita 200 huzunguka kwa zaidi ya saa mbili. Zikizidisha kasi hutawanyika, dalili kwamba hazijashikamana kama jabali, bali ni mawe yaliyokusanyika tu.

Malundo ya kifusi

Dalili hiyo imethibitishwa na vyombo vilivyofika huko. Chombo cha Marekani cha NEAR Shoemaker kiliizunguka Eros kuanzia Februari 14, 2000 na kutua juu yake Februari 12, 2001. Eros, yenye urefu wa takriban kilomita 34, ilikutwa na uzito wa mara 2.67 ya maji ya ujazo uleule. Huo ni uzito wa mwamba mzima, ingawa una nyufa.

Itokawa, iliyofikiwa na chombo cha kwanza cha Hayabusa Septemba 2005, ilikuwa na sura nyingine. Ina urefu wa mita 535, na uzito wake ni mara 1.9 tu ya maji. Takriban asilimia 40 ya ujazo wake ni nafasi tupu katikati ya mawe.

Ryugu na Bennu zimezidi hapo, kwani kila moja ina uzito wa takriban mara 1.19 ya maji. Chombo cha Marekani cha OSIRIS-REx kilipougusa uso wa Bennu Oktoba 20, 2020, mkono wake haukukuta sakafu ngumu. Ulizama karibu nusu mita, kama mguu unavyozama katika rundo la mchele, na injini zikawashwa kukirudisha juu. Wahandisi walisema baadaye kwamba bila hivyo chombo kingeendelea kuzama.

Fumbo la mawe ya kawaida

Vimondo vingi vinavyoanguka duniani ni vya aina moja kubwa inayoitwa kondriti za kawaida. Asteroidi nyingi za karibu na Dunia, kwa upande mwingine, ni za aina ya S, zenye rangi inayoelekea wekundu. Ilidhaniwa kuwa hivyo viwili ni kitu kimoja, lakini rangi zake hazikulingana, na mabishano yakaendelea kwa miongo kadhaa.

Jibu lilikuja katika chembe zisizoonekana kwa jicho. Hayabusa, baada ya kuharibikiwa mara nyingi safarini, kilirudi Australia Juni 13, 2010 kikiwa na zaidi ya chembe 1,500 za Itokawa. Matokeo yaliyochapishwa Agosti 2011 yalionyesha kuwa chembe hizo ni kondriti za kawaida, za kundi dogo la LL lenye chuma kidogo.

Tofauti ya rangi ilitokana na upepo wa chembe kutoka Jua unaopiga uso wa mwamba usio na angahewa na kuufunika kwa utando mwembamba wenye chembe ndogo mno za chuma. Ndani jiwe ni lilelile, nje limebabuka.

Watu wa mji wa Chelyabinsk, Urusi, walikutana na ndugu wa Itokawa bila kutaka. Februari 15, 2013 asteroidi yenye upana wa takriban mita 20 ililipuka kwa kimo cha takriban kilomita 30 juu ya eneo hilo. Watu wapatao 1,500 walijeruhiwa, wengi kwa vioo vya madirisha waliyokuwa wamekimbilia kuchungulia. Vipande vyake vilikuwa vya kundi la LL.

Mwaka 2024 watafiti walieleza katika jarida la Nature kuwa asilimia takriban 70 ya vimondo vinavyoanguka vinatokana na familia tatu tu za asteroidi, Karin, Koronis na Massalia. Familia hizo zimetokana na migongano ya hivi karibuni kwa kipimo cha falaki, miaka milioni 5.8, milioni 7.5 na takriban milioni 40 iliyopita. Familia changa bado zina vipande vidogo vingi, ndiyo maana zinatawala mvua ya mawe inayoifikia Dunia.

Si kila kipande kimetoka ukandani. Kamoʻoalewa, asteroidi ndogo inayofuatana na Dunia katika kulizunguka Jua, ina rangi inayofanana na mawe ya Mwezi, na utafiti wa mwaka 2021 ulipendekeza kuwa ni kipande kilichobanduka huko. China ilirusha chombo kuelekea kwake Mei 2025.

Kituo cha Sita

Mawe mawili yaliyoangukia Afrika yamefundisha mengi kuhusu nasaba hizi, moja kwa kuthibitisha na jingine kwa kuvuruga.

Oktoba 6, 2008 darubini ya Mlima Lemmon, Arizona, iliona asteroidi yenye upana wa takriban mita nne. Hesabu zilionyesha kuwa ingeigonga Dunia kabla ya saa 20 kupita, katika jangwa la Nubia kaskazini mwa Sudan. Haikuwahi kutokea asteroidi kuonekana angani kabla ya kuanguka. Darubini ya William Herschel katika visiwa vya Canary iliwahi kuuchambua mwanga wake saa chache kabla ya mwisho.

Saa 11:46 alfajiri ya Oktoba 7, kwa saa za Sudan za wakati huo, jiwe hilo, lenye alama ya 2008 TC3, lililipuka kwa kimo cha takriban kilomita 37. Wengi walidhani halikubakisha kitu.

Desemba mwaka huo Dk. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na Dk. Peter Jenniskens wa Taasisi ya SETI ya Marekani waliongoza wanafunzi kwenda jangwani. Walijipanga mstari, wakatembea wakiinamisha macho mchangani. Vipande vya kwanza vilipatikana katika msako huo, na misafara iliyofuata ilifikisha zaidi ya vipande 600. Vilipewa jina la Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, kutokana na stesheni ya reli iliyo karibu.

Kwa mara ya kwanza wanasayansi walikuwa na rangi ya asteroidi iliyopimwa angani na mawe yake mkononi. Walitarajia jibu moja. Walichokikuta ni mchanganyiko: vingi vilikuwa vya aina adimu ya ureiliti, lakini kati yake vilikuwemo vya aina kadhaa za kondriti. Jiwe la mita nne lilikuwa limekusanya mabaki ya koo mbalimbali.

Ureiliti hizo zina almasi ndogo. Utafiti wa mwaka 2018 ulidai kuwa almasi hizo zingeweza kuundwa tu ndani ya sayari changa iliyopotea, yenye ukubwa kati ya Utaridi na Mirihi. Mwaka 2020 watafiti wengine walipinga, wakisema kishindo cha mgongano kingeweza kuzitengeneza bila sayari kubwa.

Mfano wa pili ni wa Botswana, na huo ulikuwa mwepesi zaidi kusomeka. Juni 2, 2018 asteroidi 2018 LA, yenye upana wa takriban mita 1.5, ilianguka saa chache baada ya kugunduliwa. Mawe yake yalitafutwa katika Hifadhi ya Kalahari ya Kati, askari wa wanyamapori wakiwalinda watafutaji, na vipande 23 vikapatikana. Vinaitwa Motopi Pan.

Vipande hivyo ni vya ukoo wa Vesta, asteroidi ya ukandani yenye upana wa takriban kilomita 525. Tangu mwaka 1970 ilijulikana kuwa mwanga wa Vesta unafanana na wa vimondo fulani vilivyotokana na volkano, na mwaka 1993 zikaonekana asteroidi ndogo zilizosambaa kama nyayo kutoka Vesta hadi kwenye mpaka ule wa bembea ya Mshtarii. Chombo cha Dawn, kilichoizunguka Vesta mwaka 2011 na 2012, kilipiga picha za mashimo makubwa ambamo vipande hivyo vilibandukia. Jiwe la Kalahari lilikuwa limesafiri peke yake angani kwa takriban miaka milioni 23.

Kurudi Ivuna

Umuhimu wa mawe ya Ivuna ni kwamba hayajawahi kuyeyuka. Ukiondoa gesi, uwiano wa elementi zake unakaribiana na wa Jua lenyewe, ndiyo maana wanakemia huyatumia kama kipimo cha malighafi ambayo sayari zote ziliundwa nayo.

Mkoa wa Songwe, ulipo Ivuna leo, una bahati ya pekee katika jambo hili. Takriban kilomita 100 kutoka hapo kipo Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma na nikeli linalokadiriwa kuwa na tani 16. Chuma hicho ni cha mwamba uliopata joto hadi ukayeyuka na metali yake ikazama katikati, kinyume kabisa cha Ivuna. Miisho miwili ya historia ya asteroidi imelala katika mkoa mmoja, na watalii wanaofika Mbozi ni nadra kusikia habari za ule wa pili.

Vimondo vya kundi la Ivuna vinahesabika kwa vidole, na kikubwa kuliko vyote, cha Orgueil nchini Ufaransa, kilianguka mwaka 1864. Hata hivyo, angani asteroidi nyeusi za aina hiyo si adimu. Sababu ni wepesi wa kuvunjika. Mwamba wa Ivuna ni laini kama udongo mkavu, na angahewa husaga sehemu kubwa kabla haijafika chini. Kwa maneno mengine, makabati ya makumbusho yamejaa mawe magumu, na picha waliyokuwa nayo wanasayansi kuhusu majirani wa Dunia ilikuwa imepindishwa na hewa ya Dunia yenyewe.

Kuna tatizo jingine. Kimondo kikikaa duniani hunyonya unyevu na hewa. Vumbi la Ryugu, lililofunguliwa ndani ya vyumba visivyo na hewa ya kawaida, halikuwa na baadhi ya madini ya salfa na kutu yaliyozoeleka katika Orgueil. Madini hayo, ambayo yaliwahi kufikiriwa kuwa ya angani, yalizaliwa kabatini.

Vumbi hilo lilionyesha pia kwamba mwamba mzazi wa Ryugu ulikuwa na maji yenye joto la takriban nyuzi 40, karibu na joto la mwili wa binadamu, miaka milioni chache baada ya mfumo wa sayari kuanza.

Septemba 24, 2023 gramu 121.6 za Bennu ziliteremka katika jimbo la Utah. Ripoti za Januari 2025 zilieleza kuwa zilikuwa na chumvi zilizobaki baada ya maji kukauka, amino asidi 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe kujenga protini, na vijenzi vyote vitano vya msingi vya DNA na RNA. Hakuna aliyedai kuona uhai, ila viungo vyake vilikuwapo.

Kufanana kwa Bennu na Ryugu kumeimarisha hoja kuwa zote mbili zimetoka upande wa ndani wa ukanda wa asteroidi, na familia ya Polana inatajwa mara nyingi kuwa chimbuko. Juu ya Bennu yalionekana pia mawe meupe yanayofanana na ya Vesta. Kama ilivyokuwa kwa Almahata Sitta, ukoo mmoja haukosi wageni ndani ya nyumba.

Iwapo moja itakuja

Bennu yenyewe imo katika orodha ya kuangaliwa. NASA imekadiria kuwa uwezekano wake wa kuigonga Dunia hadi mwaka 2300 ni mmoja kati ya 1,750, na siku yenye uwezekano mkubwa kuliko nyingine ni Septemba 24, 2182. Hesabu hiyo isingewezekana bila kuujua msukumo wa joto, nao hutegemea weusi wa jiwe, uzito wake na jinsi linavyohifadhi joto.

Namna ya kuikwepa pia hutegemea mwamba. Septemba 26, 2022 chombo cha DART kiligongeshwa kwa makusudi kwenye Dimorphos, asteroidi ya takriban mita 150 inayoizunguka nyingine iitwayo Didymos. Muda wake wa kuzunguka ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Mawe na vumbi vilivyoruka kinyume viliongeza msukumo mara kadhaa kuliko kishindo chenyewe.

Lundo jingine la kifusi huenda likajibu tofauti, na jabali la chuma lingejibu tofauti zaidi. Kwa sababu hiyo Ulaya ilirusha chombo cha Hera Oktoba 7, 2024 kwenda kupima uzito wa Dimorphos na athari iliyoachwa na kishindo hicho.

Mtihani unaofuata hauhitaji kurusha kitu. Asteroidi Apophis, yenye upana wa takriban mita 340, iliitia dunia wasiwasi Desemba 2004 pale uwezekano wa kuigonga Dunia mwaka 2029 ulipofika asilimia 2.7. Vipimo vya rada vya mwaka 2021 viliondoa hatari hiyo kwa angalau miaka 100. Rangi yake inaiweka katika kundi la Itokawa na jiwe la Chelyabinsk.

Aprili 13, 2029 Apophis itavuka juu ya Bahari ya Hindi na kisha bara la Afrika, ikionekana kwa macho kama nyota inayotembea mahali penye anga safi. Itakuwa karibu zaidi saa 6:46 usiku wa kuamkia Aprili 14 kwa saa za Afrika Mashariki, takriban kilomita 32,000 kutoka ardhini, chini ya njia ya setilaiti za mawasiliano. Chombo kilicholeta vumbi la Bennu kimebadilishiwa safari ili kuifuata, na wanasayansi wanasubiri kuona kama uvutano wa Dunia utayaporomosha mawe yaliyo juu yake na kufichua yale ambayo hayajawahi kubabuliwa na Jua.